Kitambaa cha Mwezi wa Tisa

Katika karakana ya Mama Chiriku kulikuwa na sheria moja ambayo hata paka wa pale aliijua: turubai haliingii kwenye pipa la rangi kabla tarehe ya shughuli haijaandikwa ukutani kwa chaki. Mteja angeweza kubembeleza, angeweza kununa, angeweza hata kuja na shangazi zake wote wamsaidie kubembeleza. Turubai lingebaki kwenye rafu, jeupe pe, mpaka siku ijulikane.

Sheria hiyo iliwekwa na marehemu mumewe, na haikuwa ya ukorofi. Wao hawakushona mahema meupe yanayoonekana kutoka ng'ambo ya mji kama meno ya bandia. Walitengeneza mabanda ya shughuli yanayofanana na mahali yanaposimama. La kando ya mawe lilikuwa na rangi ya mawe, la chini ya miti lilikuwa na madoa ya kivuli, na kingo zake hazikukatwa kwa rula, kwa sababu, alivyozoea kusema marehemu, yeye hajawahi kuona jani lililokatwa kwa rula. Sasa, nyasi za mwezi wa nne si nyasi za mwezi wa nane. Ukikosea mwezi, banda lako litasimama pale kama mtu aliyekwenda msibani na nguo za harusi.

Miaka thelathini na moja Mama Chiriku hakuivunja sheria hiyo. Akaja kuivunja kwa ajili ya mwanawe.

Ilikuwa Jumapili, saa nane mchana, saa ambayo kila wiki alikaa karibu na simu huku akijifanya anapanga nyuzi. Simu ikaita.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Sauti yako ina mafua?"

"Sina mafua, mama. Sikiliza. Tunakuja. Mimi na mwenzangu. Mwezi wa sita, mwishoni. Tufanye ile sherehe."

Mama Chiriku alikaa chini, ingawa alikuwa ameshakaa.

Mwanawe huyo, wa pekee, aliondoka na miaka kumi na tisa kwenda kusoma nchi ya mbali. Masomo yakazaa kazi, kazi ikazaa nyingine, na miaka kumi na miwili ikapita bila yeye kukanyaga nyumbani. Baba yake alipofariki, miaka sita iliyopita, karatasi zake za kuishi kule zilikuwa zimekwama ofisini; angetoka asingerudi. Akazika kwa simu. Mwaka jana akaolewa, mashahidi wawili na saini, basi. Jina la Chiriku alilipata utotoni kwa sababu ya mdomo: alianza kusema kabla hajafumbua macho asubuhi, na usingizi ulimkata katikati ya sentensi. Lakini tangu mazishi yale, simu za Jumapili zilikuwa fupi. Mzima? Mzima. Kazi? Nzuri. Haya mama, nikuache upumzike. Mama Chiriku hakuwa amechoka hata siku moja.

"Tuifanyie wapi?" aliuliza.

"Pale bondeni. Kama bado pako."

"Patakwenda wapi?"

Kesho yake asubuhi, ukuta ukiwa bado hauna chaki, aliwasha moto chini ya pipa.

Fundi Nguzo alimkuta akikoroga. Huyu ndiye aliyesimamisha nguzo za mabanda yao yote, mtu mrefu, msiri lakini si mkimya, aliyefanya kazi na marehemu tangu wote wawili walipokuwa na nywele. Mama Chiriku alimwita Fundi, na yeye alimwita shemeji.

"Shemeji, naona moshi. Tarehe iko wapi?"

"Amesema mwezi wa sita mwishoni."

"Mwishoni tarehe ngapi?"

"Fundi, kazi yako nguzo. Niachie rangi yangu."

Fundi Nguzo aliutazama ukuta, akalitazama pipa, akamtazama na yeye. Kisha akavua koti, akalitundika, akachukua mti wa pili wa kukorogea.

Rangi waliipimia kwenye pete. Juu ya cherehani, kwenye misumari, zilining'inia pete za waya, kila moja ya mahali fulani walipowahi kufanya kazi, na kila pete ilibeba vitambaa vyembamba, kimoja cha kila mwezi. Pete ya bonde ilikuwa ya zamani kuliko zote. Marehemu aliitengeneza na Chiriku alipokuwa na miaka tisa. Kila mwezi walishuka bondeni, baba na mtoto, na kipande kilichochovywa. Baba alikitupa nyasini, mtoto akiwa amefumba macho. Akikiona kabla baba hajahesabu kumi, rangi imeshindwa, wanarudi kwenye pipa. Asipokiona, kimefaulu. Walikitafuta kwa magoti, wakacheka, kisha baba akakifunga kwenye pete kwa fundo lake.

Pete hiyo ilikuwa na vitambaa kumi na kimoja. Cha mwezi wa tisa kilipotea zamani, na Mama Chiriku alikuwa ameshawahukumu panya kwa kosa hilo. Haikumsumbua. Yeye alihitaji cha mwezi wa sita, nacho kilikuwepo: kijani kilichoshiba mvua, kikianza kwa mbali sana kuchoka.

Akachovya turubai zima la paa. Likakauka kwenye kamba za uani, kijani kitupu, hata majirani wakauliza kama amefungua bustani.

Mwezi wa tano, Jumapili, simu ikaita.

"Mama, usikasirike."

"Nikasirike nini?"

"Likizo wamekataa. Wamesema mwezi wa tisa. Tarehe kumi na nne, hiyo haibadiliki, nimeshakata tiketi." Sauti ikashuka. "Siku nne tu, mama. Zaidi ya hapo hatuwezi."

"Hakuna neno, mwanangu."

"Ulikuwa umeshaanza kazi?"

Mama Chiriku aligeuka akatazama dirishani. Turubai lilikuwa likipepea uani.

"Bado," alisema. "Liko kwenye rafu. Jeupe pe."

Wiki mbili hakuligusa. Alipita chini yake kwenda kuchota maji na kurudi, kama mtu anayepita mbele ya jirani aliyegombana naye. Fundi Nguzo alipokea wateja, akawaambia cherehani ni mgonjwa, na cherehani ilikuwa nzima kama ng'ombe. Siku ya kumi na tano aliona imetosha.

"Shemeji, hilo la kijani tunalifanyaje?"

"Mwaka huu huenda nyasi zikachelewa kukauka."

"Shemeji."

"Ikinyesha mwezi wa nane..."

"Shemeji, mimi na wewe tumezeekea hapa. Mwezi wa nane hapa hata jasho linakauka kabla halijatoka."

Mama Chiriku alicheka bila kutaka, na alipomaliza kucheka alifuta macho kwa upindo wa kanga. Fundi Nguzo akajishughulisha na kuhesabu kamba ambazo alikuwa ameshazihesabu.

"Basi niandikie tarehe," Mama Chiriku akasema.

Fundi akaandika kwa chaki, herufi kubwa kuliko kawaida: KUMI NA NNE, MWEZI WA TISA.

Shida ikaja hapo. Kuchovya, kukausha, kuchovya tena na kushona kulihitaji wiki sita nzima, kwa hiyo rangi ilipaswa kujulikana mwezi wa saba, wakati nyasi zenyewe bado hazijafika huko. Ndiyo kazi ya pete. Na pete haikuwa na mwezi wa tisa.

Mtu angeweza kusema, chukua wa nane, chukua wa kumi, changanya, utapata wa katikati. Mahali pengine, ndiyo. Lakini lile bonde lilikuwa na nyasi zake zenye masuke, ambayo hukaa kimya mwaka mzima, halafu mwezi wa tisa, kwa wiki tatu tu, huiva kwa wekundu fulani wa hudhurungi kabla upepo haujayapukutisha. Mwezi wa nane bonde ni rangi ya makapi. Wa kumi ni rangi ya majivu. Wa tisa hauko kati yao. Uko peke yake.

Na paa lilipaswa kuwa sawasawa. Njia ya kuingia bondeni hutokea juu, na Mama Chiriku alikuwa ameshachora banda ambalo paa lake linaendeleza mteremko: upande wa kilima limeinama mpaka kiunoni, upande wa kijito limenyanyuka. Anayeshuka asione banda, aone kilima tu kikiendelea. Rangi ikikosea kidogo, paa lingeonekana kama kiraka kwenye suruali.

Alijaribu kwa kumbukumbu. Akifumba macho aliiona rangi ile, akifumbua inakimbia. Alichovya vipande vinne. Fundi Nguzo, ambaye naye alilijua bonde lile, akavitazama kimoja kimoja.

"Hiki ni tofali. Hiki ni chai. Hiki ni... samahani shemeji, hiki ni ugonjwa."

"Na hiki?"

"Hiki ni kizuri. Sijui ni cha wapi, lakini si cha kwetu."

Jumapili iliyofuata, Chiriku alipopiga, mama yake alimuuliza tu kwa kukata tamaa, kama mtu anayeuliza njia kwa mgeni. "Unakumbuka zile nyasi za mwezi wa tisa? Rangi yake ilikuwaje hasa?"

Mama akadhani simu imekatika.

"Mama," ikasema sauti, ndogo. "Ninacho."

"Unacho nini?"

"Kitambaa. Nilikichomoa kwenye pete siku naondoka. Nilitaka kitu cha pale. Nikaona aibu kuomba."

"Wewe!" Mama Chiriku alisimama. "Miaka kumi na miwili nawasingizia panya!"

"Panya gani?"

"Niliwatilia na sumu!"

Chiriku akacheka. Kilikuwa kicheko cha zamani, cha kuvunja mbavu, kinachopanda na kukosa pumzi, na mama yake akabana simu sikioni kwa mikono miwili ili kisimwagike hata kidogo. Ghafla akakumbuka kitu. Alipomlalamikia marehemu juu ya panya, wakati ule, yule mzee alitabasamu tu akaendelea kusuka kamba. Na pengo lile kwenye pete hakulijaza, ingawa aliijua rangi na pipa lilikuwa pale pale. Alijua. Muda wote ule alijua, akamfichia mtoto siri yake.

"Nikupigie picha nikutumie?" Chiriku akauliza.

"Picha ya simu haisemi kweli, mwanangu. Simu yako na yangu haziwezi kukubaliana hata juu ya uso wako."

Neno lililofuata lilikuwa tayari ulimini. Kilete mwenyewe. Njoo mapema, njoo wiki sita kabla, ulale kitandani kwako, ukoroge pipa na mimi. Alilionja, akalimeza. Binti ana kazi yake, na likizo si yake kuipanga.

"Basi kitume," alisema.

Bahasha ilichukua siku kumi na moja. Waliifungua juu ya meza ya cherehani, yeye na Fundi Nguzo, vichwa vimekaribiana. Ndani mlikuwa na karatasi yenye maneno machache: *Mama, kilikaa dirishani penye jua ili nikione. Kila nikihama nyumba ndicho nilichopakia kwanza. Nimehama mara saba.*

Mara saba. Mama Chiriku alikuwa ameambiwa mara tatu.

Kisha kitambaa chenyewe. Kilikuwa laini kama sikio la mwanambuzi kwa kushikwashikwa, na kilikuwa kimekufa. Jua la dirisha lile lilikuwa limekilamba mpaka kikabaki rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo. Hakikuwa cha mwezi wa tisa. Hakikuwa cha mwezi wowote.

Fundi Nguzo alivuta pumzi. "Pole, shemeji."

Lakini Mama Chiriku alikuwa amekigeuza. Kwenye ncha moja bado kulikuwa na uzi ambao marehemu alikifungia, na kitambaa kilikunjwa ndani ya uzi huo, kikabanwa na fundo. Ndani ya fundo jua haliingii.

Wote wawili waliliona jambo hilo kwa wakati mmoja: rangi imebaki humo, na kuifikia ni kulifungua.

Kazi ya mabanda ni ya kufunga na kufungua. Unafunga Ijumaa, watu wanacheza Jumamosi, Jumapili unafungua. Mafundo yote ambayo marehemu aliyafunga maishani mwake, maelfu kwa maelfu, yalifunguliwa kesho yake, na mengi aliyafungua mwenyewe. Yale kumi na moja ya kwenye pete yalikuwa yameoza uzi, na mkewe alikuwa ameyafunga upya kwa fundo lake la kawaida la kushonea. Hili moja ndilo lililobaki. Katika dunia nzima hapakuwa na fundo lingine lililofungwa kwa mikono ile.

Alikiweka kitambaa kwenye kisosi, akafunika na kikombe.

Siku ya kwanza ikapita. Siku ya pili ikapita. Ukutani chaki ilikuwa ikimtazama. Fundi Nguzo hakumwambia kuwa muda unakwisha; alichukua sururu yake akashuka bondeni, akaanza kuchimba mashimo ya nguzo kwa umbali usiolingana, kama miti inavyojiotea, kana kwamba suala la turubai lilikwisha zamani. Jioni alirudi na udongo kwenye magoti.

"Mashimo yako tayari," alisema, akaaga.

Asubuhi ya siku ya tatu Mama Chiriku aliamka mapema, akanawa mikono mara mbili, akavaa miwani, akachagua sindano nyembamba kuliko zote. Akakaa dirishani na kisosi mapajani. Alijiandaa kwa shughuli ndefu: uzi wa miaka ishirini na mbili, fundo lililokazwa na mtu mwenye vidole vya chuma. Akaligeuza kutafuta pa kuanzia.

Akaona kamkia. Kauzi kadogo kamejitokeza pembeni, kamelala. Alikuwa amesahau. Mume wake hakuwahi kufunga fundo bila kuliachia mkia wa kuvuta, kwa kuwa alijua kuna mtu atakuja kulifungua, na hakupenda mtu huyo ahangaike.

Akaweka sindano chini. Akaushika mkia kwa vidole viwili.

"Samahani, Baba Chiriku," alisema, akavuta.

Likaachia mara moja, bila ubishi, kama mtu aliyekuwa ameketi mlangoni na viatu vyake miguuni.

Ndani kulikuwa na doa lenye ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo. Hudhurungi, na wekundu ndani yake, na chini ya wekundu kitu kama mwanga wa saa kumi. Alilitambua kama unavyotambua hatua za mtu wa nyumbani kabla hajabisha hodi.

Fundi Nguzo alipofika alikuta moto unawaka na uzi umeviringwa vizuri ndani ya kisosi.

"Maganda ya vitunguu," Mama Chiriku alimwambia. "Mengi. Na shabu ya kushikisha rangi, na ule udongo mwekundu wa nyuma ya kisima."

"Mengi kiasi gani?"

"Mpaka soko zima lilie."

Soko halikulia, ila lilisaidia. Wauza vitunguu walimwekea maganda kwenye magunia, wakamwekea na yale ya jana yake. Mama mmoja ambaye hawakuwa hata wamezoeana naye alimenya kikapu kizima kabla ya wakati, akasema vitunguu vyenyewe vitauzika tu, uchi hivyo hivyo. Wiki ya kwanza waliipata rangi. Ya pili ilikaa. Kuanzia ya tatu cherehani iliunguruma kutwa.

"Na lile la kijani?" Fundi Nguzo akauliza.

"Litakaa chini yake. Liwe dari."

"Shemeji, hayo ni mapaa mawili juu ya nguzo zangu."

"Zitabeba."

"Zitabeba," alikubali, "lakini zitanung'unika."

Walisimamisha siku tatu kabla ya sherehe. Kamba wakazipaka udongo, kingo wakaziacha na mikunjo yake. Bwana Asali, jirani mwenye mizinga ukingoni mwa bonde, alikuwa ameshaihamishia ng'ambo ya kijito mizinga yake yote, usiku uliotangulia, bila kuombwa. Alisema nyuki wake hawana adabu mbele ya wageni. Alikuwa na mbuzi mmoja pia, na huyo hakumhamisha. Mbuzi akaja akiteremka kilimani, anakula, ananyanyua kichwa, anakula, mpaka akafika kiunoni pa kilima, akatia mguu wa mbele juu ya paa, akatia na wa pili, na kuanza kuzama taratibu huku akiwatazama kwa mshangao mkubwa.

Bwana Asali alikimbilia miguu ya nyuma. Fundi Nguzo hakuweza kumsaidia, alikuwa amekaa chini anacheka.

"Hakimu amepitisha!" alipiga kelele. "Shemeji, hakimu amepitisha!"

Chiriku alifika na mumewe kesho yake. Mama alimshika uso kwa mikono miwili, akautazama. Ulikuwa uso wa mwanamke mzima, wenye mistari miwili midogo ambayo simu haikuwahi kuionyesha. Walikula, waliulizana habari. Mzima? Mzima. Kazi? Nzuri. Maneno yalikuwa machache na ya heshima, na Mama Chiriku akaanza kuogopa kwamba mtoto aliyemwandalia yote haya alibaki kule kule alikokwenda, na huyu alikuwa mgeni mzuri tu aliyemtuma.

Alasiri wakashuka bondeni, yeye mbele, binti nyuma, na mkwe, kijana mrefu mpole, mwisho. Masuke yalikuwa yameiva. Njia ikatokea juu, na bonde lote likawa chini yao, jekundu, tupu.

Chiriku akasimama. "Mama, banda liko wapi?"

Mama akaendelea kushuka.

"Mama! Si sherehe ni keshokutwa? Hamjasimamisha? Ungeniambia, jamani, ningekodi hata mahema meupe, watu mia na ishirini watakaa wapi, na kama turubai liliharibika si ungesema, mimi ningeelewa, mama, ningeelewa kabisa..."

"Bwana!" sauti ya Fundi Nguzo ikatoka ardhini. "Bwana mkwe! Unaelekea kukanyaga paa!"

Mkwe aliganda, mguu hewani. Mbele yake kilima kilikuwa kikipumua kidogo kwa upepo.

Chiriku akasogea, akainama, akagusa. Kisha akazunguka upande wa kijito ambako kilima kilikuwa kimenyanyuka, akaingia chini yake, na mama yake akamfuata.

Ndani kulikuwa kijani. Jua lilipita kwenye maturubai mawili na kushuka juu yao likiwa la mwezi wa sita, lenye mvua ya jana, lenye kijito kilichojaa. Nje kiangazi, ndani hapana. Chiriku alisimama katikati, shingo nyuma, mdomo wazi.

"Niliwahi kidogo," mama yake akasema. "Ulivyosema mwezi wa sita. Halikuwa kwenye rafu."

Binti akaligusa jiwe lililokuwa miguuni pake. Halafu akaanza.

"Hapa ndipo alipokuwa ananifumbisha macho. Hapa hapa, mama, kwenye hili jiwe. Mimi nilikuwa naibia, unajua? Nilikuwa nachungulia, halafu najifanya sijakiona, maana nikikiona tunarudi karakana na mimi nilitaka tubaki. Na kuna siku alikitupa kikaenda kwenye maji..."

Alikaa kwenye nyasi, akavua viatu, akaendelea. Alimweleza mumewe, alimweleza Fundi Nguzo, alimweleza mama yake mambo ambayo mama yake aliyajua na mengine ambayo hakuyajua: nyumba saba, dirisha la kila nyumba, siku ya mazishi alivyokaa na kile kitambaa mkononi kutwa nzima. Alilia katikati na hakuacha kusema. Mama Chiriku alikaa mkabala naye, mikono mapajani, asikatize. Fundi Nguzo aliondoka kimya, akarudi na chupa ya chai. Jua lilishuka. Chiriku alikuwa bado anasema.

Sherehe ilikuwa nzuri, watu walikula, wakacheza, na wawili wakapotea wakilitafuta banda. Siku ya nne walilifungua, na Chiriku alifungua kamba pamoja nao. Asubuhi ya safari, gari likiwa limewashwa, alisimama mlangoni pa karakana.

"Mama, kama una neno, sema."

Lilikuwa pale pale, ulimini. Mama Chiriku akamtengeneza kola, ambayo haikuwa na kasoro.

"Ukifika, piga simu."

"Jumapili."

"Hata Jumatatu," mama akasema. "Hata Jumanne. Mimi huwa sijachoka."

Chiriku alimtazama, akamkumbatia sana, akaingia garini.

Mama Chiriku alibaki mpaka vumbi lilipotulia. Kisha akaingia ndani akaketi kwenye cherehani, na macho yakapanda yenyewe kwenye msumari.

Pete ya bonde ilikuwa imegeuzwa. Akaishusha. Cha mwezi wa tisa kilikuwa kimerudi mahali pake, kimepauka, na kilikuwa kimefungwa kwa ule ule uzi aliouacha kwenye kisosi, kwa fundo ambalo yeye hakujua kulifunga. Lilikuwa na kamkia pembeni. Alikagusa, hakukavuta. Basi yule mzee alikuwa amemfundisha mtoto.

Akavihesabu kwa kidole. Kimoja, viwili, vitatu. Kumi na kimoja. Akahesabu tena. Kati ya mwezi wa tano na wa saba palikuwa na nafasi.

Uani lile turubai la kijani lilikuwa bado limeanikwa, mita na mita zake, na mkasi ulikuwa pale mezani. Ingechukua dakika moja kulijaza pengo lile. Mama Chiriku akairudisha pete kwenye msumari kama ilivyo.

Fundi Nguzo aliingia na mzigo wa kamba begani, akamwona anavyotazama juu.

"Vipi, shemeji? Kuna kilichopotea?"

"Cha mwezi wa sita," alisema. Akachukua kipande cha chaki, akakigeuzageuza kidoleni, akautazama ukuta. "Panya, Fundi. Yule yule."